Saa, Siku na Msimu: Kupanga Sherehe ya Kuzaliwa ya Mtoto Mdogo Nachingwea na Ruangwa

Sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ina tarehe mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye kadi ya kliniki na kwenye cheti cha kuzaliwa, na hiyo haihami. Ya pili ni siku ambayo ndugu na majirani watakusanyika, keki ikatwe, watoto wacheze na mama mzazi apongezwe. Hiyo hupangwa, na ikipangwa vibaya gharama yake huangukia watu wawili: mtoto atalia, na mzazi atadaiwa. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, upangaji wa siku hiyo huongozwa na mambo manne: saa ambayo mtoto yuko macho na ana raha, siku ya juma, msimu wa mvua na mazao, na kalenda ya dini na mila. Mambo hayo yafaa kupimwa kwa mpangilio huo, kwa kuwa watu wazima huweza kuombwa wavumilie, lakini mtoto wa mwaka mmoja hana uvumilivu wa kuombwa.

Kuadhimisha tarehe ya kuzaliwa kila mwaka si desturi ya siku nyingi katika eneo hili, ingawa kumpokea mtoto kwa furaha ni jambo la kale. Familia za Kiislamu humfanyia mtoto akika, kwa kawaida siku ya saba, na zikifika siku arobaini mama hutoka nje na mwanawe. Familia za Kikristo hukusanyika siku ya ubatizo. Tarehe yenyewe haikuwa na kazi kubwa, kwa sababu umri ulihesabiwa kwa matukio. Mtu alijulikana kuwa wa kabla au wa baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, au wa miaka ya mpango wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, ukafyeka mapori ya Nachingwea na kujengewa reli, kisha ukaachwa mwaka 1951. Wengine walibeba kalenda katika majina yao: Rajabu, Shabani na Ramadhani hutaja mwezi, Juma na Hamisi hutaja siku.

Leo tarehe ipo kwenye karatasi. Mtoto akizaliwa zahanati au hospitali, siku yake huandikwa papo hapo kwenye kadi ya kliniki. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia mkoani Mbeya mwaka 2013 na baadaye kufika Lindi na Mtwara, umeuleta usajili karibu na wananchi: mtoto husajiliwa kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Hilo lina maana kubwa katika kupanga sherehe. Zamani siku ikipita bila kukumbukwa ilipotea. Sasa cheti kinaitunza, kwa hiyo familia inaweza kuisogeza sherehe mbele wiki mbili au hata miezi kadhaa bila mtoto kupoteza chochote. Mtoto wa miaka miwili haijui tarehe. Anachokijua ni kama ameshiba, amelala vya kutosha, na kama mtu aliyembeba anamfahamu.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, usiku na mchana, na mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13. Mtoto anayetimiza mwaka mmoja mara nyingi bado hulala mara mbili mchana: kidogo asubuhi, kisha tena baada ya chakula cha mchana. Akikaribia mwaka na nusu usingizi wa asubuhi hukoma, na unabaki ule wa kuanzia kama saa 7 hadi saa 9 alasiri. Kadi za mwaliko zinazosema saa 8 mchana, ambazo ndizo za kawaida, humwamsha mtoto katikati ya usingizi wake mkuu, zikamvisha suti au gauni la kukwaruza, zikamketisha mbele ya spika. Kilio kinachofuata si utundu wala husuda ya mtu, ni usingizi uliokatishwa.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja, muda mzuri ni kati ya saa 4 na saa 6 mchana, akishaamka usingizi wa asubuhi na kunyonya au kula uji. Sherehe ya asubuhi hufanyika vizuri chini ya mwembe au mkorosho mkubwa, na wageni huondoka kabla jua halijakaza. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, muda mzuri ni kuanzia saa 9 na nusu au saa 10 alasiri, baada ya usingizi wa mchana, hadi saa 11 na nusu jioni. Mwisho huo nao una sababu. Nachingwea na Ruangwa ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana hubadilika kidogo katika mwaka: mwezi Juni jua huzama karibu saa 12 na robo, na mwezi Desemba karibu saa 12 na dakika 40. Giza likiingia waumini huenda kuswali magharibi, watoto wa majirani hurudi kwao njia ikiwa haionekani, na mbu wanaoeneza malaria huanza kutoka. Sherehe ya mtoto mdogo inayovuka jua kuzama huwa imekwisha kuwa sherehe ya watu wazima.

Urefu wake nao ni sehemu ya kuchagua wakati. Saa moja na nusu hadi saa mbili zinatosha. Kwa kuwa wageni wengi hufika wamechelewa, ratiba ya mtoto hupangwa kinyume cha ile ya harusi: keki hukatwa mapema, watu wachache wakiwa wameshafika, na hotuba, picha na zawadi hufuata. Kumngoja mgeni rasmi au fundi wa muziki huku mtoto anasinzia ni kuipoteza siku. Anayechelewa atakuta pilau. Hahitaji kukuta keki nzima.

Siku ya juma ni hesabu ya pili. Ijumaa haifai mchana kwa familia za Kiislamu kwa sababu ya swala, ingawa jioni yake hufaa. Jumapili asubuhi ni ya ibada kwa Wakristo, na baada ya ibada watu wengi hupenda kupumzika au kutembelea wagonjwa. Jumamosi ndiyo iliyo wazi kwa wengi, isipokuwa kwa Wasabato. Lakini kuna siku nyingine zisizoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Kijiji chenye gulio hakina watu nyumbani siku ya gulio; akina mama wako sokoni na mihogo, mboga na samaki wakavu. Siku ya mnada wa mazao, baba na wanachama wenzake wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, wako kwenye mkutano wa kusikiliza bei. Na katika mji wa Ruangwa, siku Namungo FC inapocheza nyumbani kwenye Uwanja wa Majaliwa, bodaboda na vijana wa kubeba viti na kufunga turubai ni adimu. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na tangu hapo ratiba ya ligi imekuwa jambo la kuangaliwa hata na asiyependa mpira.

Hesabu ya tatu, msimu, ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mfuko wa nyumba. Lindi na Mtwara ni mikoa yenye msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba na kumalizika Aprili au mapema Mei. Miezi inayobaki ni ya kiangazi: Juni, Julai na Agosti kuna ubaridi na upepo, kisha joto hupanda Septemba hadi linakuwa kali Oktoba na Novemba, kabla mvua haijarudi. Mazao ya biashara hufuata mpangilio huo huo, na fedha nazo hufuata mazao.

Miezi ya Desemba hadi Machi ni ya jembe. Familia nyingi ziko shambani kuanzia alfajiri, na wengine huhamia kabisa kwenye vibanda vya mashambani. Akiba ya nafaka ya mwaka uliopita hupungua Januari, ikawa finyu Februari na Machi, kabla mahindi mapya hayajaiva. Januari pia ni mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule kwa watoto wakubwa. Barabara za vumbi hugeuka matope, na mtoto wa jirani wa kijiji cha pili hawezi kufika. Ni kweli kwamba Desemba kuna maembe ya kutosha kulisha watoto mia bila kununua juisi, na ni kweli pia kwamba ndugu hutoka Dar es Salaam kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo aliyezaliwa Desemba ana nafasi yake: wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, nyumbani, barazani, bila kutegemea uwanja wa nje. Aliyezaliwa Februari au Machi hufanyiwa dua au sala, akapikiwa chakula akipendacho, na sherehe ikasogezwa hadi kiangazi.

Aprili na Mei ni miezi ya tahadhari. Mvua huwa inamalizika, lakini haimalizikii siku moja. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, na mafuriko yaliyoambatana nacho yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga. Wasafiri wa kusini walikwama kwa siku kadhaa. Familia inayomtegemea bibi au shangazi atoke Dar es Salaam haina sababu ya kuifunga sherehe kwenye tarehe ya miezi hiyo. Tena Mei ndio mwezi ufuta unapoanza kukatwa. Zao hilo halina subira: ukichelewa, vitumba hupasuka na mbegu humwagika ardhini. Mama anayekata ufuta hana siku ya kukaanga maandazi ya wageni hamsini.

Nafasi nzuri ya kwanza hufunguka mwishoni mwa Juni. Ufuta umekatwa, umekauka, umepigwa na kupelekwa ghalani. Minada huanza mwezi huo, na kwa wilaya hizi husimamiwa kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima hupeleka mzigo kwenye AMCOS, mzigo unaingia ghala kuu, wanunuzi wanashindana kwa bei, na malipo huingia benki baada ya makato. Shule zimefungwa, mahindi mapya yapo, njia ni kavu, na jua la alasiri si kali. Mtoto aliyezaliwa wakati wowote kati ya Februari na Juni anaweza kusherehekewa Julai bila mtu kukopa. Jambo la kuangalia ni ubaridi wa asubuhi na upepo wa jioni, ambavyo humsumbua mtoto mdogo.

Agosti na Septemba nazo zinafaa, ila kwa sababu tofauti. Mbaazi huvunwa na kuingia mnadani, hivyo fedha ya pili hupatikana kwa waliozilima. Wakati huo huo mikorosho inachanua na inahitaji dawa. Salfa ya unga hupulizwa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, na vumbi lake huwasha macho na kukera kifua. Nyumba iliyo katikati ya mikorosho, kama zilivyo nyingi katika vijiji vya wilaya hizi, haifai kwa sherehe ya asubuhi katika siku za kupuliza. Alasiri inafaa zaidi, na ni vizuri kumwuliza jirani siku yake ya kupuliza kabla ya kutoa mwaliko.

Oktoba na Novemba ni msimu wa korosho, na hapo ndipo wengi hupenda kuweka sherehe, kwa kuwa fedha nyingi zaidi za mwaka huingia wakati huo. Mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika kwa korosho tangu msimu wa 2007, na minada ya kwanza hufanyika mara nyingi mwezi Oktoba. Tatizo ni kwamba mnada na malipo si siku moja. Kati ya mkulima kupeleka korosho ghalani na fedha kuonekana kwenye akaunti hupita siku ambazo hakuna mzazi anayeweza kuziamuru. Msimu wa 2018 ndio fundisho lililo wazi. Wanunuzi walipotoa bei ndogo na wakulima wakagoma kuuza, Rais John Magufuli alitangaza mwezi Novemba kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki wa mashamba ulichukua muda, na wakulima wengi walisubiri hadi mwaka 2019 kabla ya kulipwa. Sherehe iliyopangwa kwa fedha ya korosho isiyolipwa ni sherehe ya mkopo.

Mkopo wa msimu huo una jina lake katika kusini yote: kangomba. Mlanguzi hutoa fedha kidogo mapema, na kulipwa kwa korosho ambazo zingeuzwa mnadani kwa bei ya juu zaidi. Serikali imeupiga vita ununuzi huo kwa miaka mingi, na bado huvutia pale nyumba inapohitaji fedha ya haraka. Kuuza mfuko wa korosho kwa kangomba ili kukodi turubai na spika ni kumnyang'anya mtoto anayesherehekewa: fedha hiyo ilikuwa ya maziwa yake, ya nauli ya hospitali na ya ada ya kaka yake. Kanuni salama ni kutangaza siku baada ya malipo kuingia, kamwe si kabla.

Oktoba na Novemba zina mambo mengine mawili. La kwanza ni joto. Krimu ya keki huyeyuka kabla ya picha kupigwa, nyama na maziwa huharibika upesi mahali pasipo friji, na mtoto aliyevalishwa nguo nzito hupata vipele vya joto. La pili ni mabibo. Korosho zikidondoka mabibo hudondoka nazo, na kutokana nayo hutengenezwa uraka, pombe ya msimu ambayo haikosi wateja. Sherehe ya alasiri katika wiki hizo huweza kuvamiwa na wageni wasioalikwa. Dawa yake ni ile ile ya saa: kuanza asubuhi na kumaliza mchana.

Hesabu ya nne ni kalenda ya dini na mila. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa mwezi wa Shabani, watu wakila na kunywa, atakuta mwaka unaofuata au wa pili siku yake imeangukia ndani ya Ramadhani. Katika miaka hii Ramadhani iko Februari na Machi, na inaelekea Januari. Mwaka 2030 itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mzazi anayepanga mbele huangalia hilo mapema. Sherehe ya mchana yenye soda na pilau mbele ya wafungaji ni utovu wa adabu hata kwa familia isiyofunga, kwa kuwa majirani ni wale wale. Siku za Idi, kwa upande wake, ni nafasi nzuri: watoto wana nguo mpya, chakula kipo, na ndugu wako nyumbani. Kwa Wakatoliki na Waanglikana, kipindi cha Kwaresima ni cha kujinyima, na sherehe kubwa husubiri Pasaka. Zipo pia familia za Kiislamu ambazo hazikubali kabisa kuadhimisha kuzaliwa. Hao huweza kukaribishwa kwa dua na chakula bila keki wala mishumaa, na heshima ikabaki pande zote.

Jando na unyago huchukua nafasi yake katika kiangazi, baada ya mavuno, hasa wakati wa likizo ya Juni. Kijiji chenye wali wanaotoka jandoni au unyagoni kina ngoma usiku kucha, vyakula vya pamoja na michango iliyokwisha kuahidiwa. Harusi nazo hujaa Julai hadi Oktoba. Mtoto wa mwaka mmoja hapaswi kushindana na dada yake mkubwa anayetoka unyagoni. Akipangiwa siku mbili au tatu kabla au baada, wageni wale wale waliokuja kwa shughuli kubwa watahudhuria na ndogo, bila nauli ya pili. Zaidi ya hayo, Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli katika mambo ya watoto wa dada yake. Siku isiyomfaa mjomba, pamoja na bibi mzaa mama, huacha manung'uniko ya muda mrefu kuliko keki.

Kalenda ya kliniki nayo haipaswi kusahauliwa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na homa inayotokana nayo, ikitokea, huja takriban wiki moja hadi mbili baadaye. Mtoto aliyecheleweshwa chanjo na kupata dozi yake karibu na siku ya sherehe anastahili kupewa nafasi hiyo ipite. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kwa kampeni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na tarehe za kampeni hutangulia tarehe za keki. Katika miezi ya mvua na ile inayoifuata malaria huongezeka, na mtoto mwenye homa hupelekwa kupimwa siku hiyo hiyo. Sherehe huahirishwa bila mjadala. Msiba nao huahirisha kila kitu. Nyumba ya jirani ikiwa na matanga, spika haiwashwi, na hakuna anayehitaji kuelezwa sababu.

Wakati ukishapangwa vizuri, yaliyomo ndani yake huwa machache. Muziki huwekwa chini, kwa kuwa mtoto wa umri huu hushtuka. Kumwagiana maji, mzaha uliozoeleka katika siku za kuzaliwa, huachiwa wakubwa. Mtoto mdogo akiloweshwa katika upepo wa Julai atatetemeka kwa baridi. Maputo hupendeza, lakini kipande cha puto lililopasuka kikimezwa huziba koo. Tahadhari kubwa zaidi katika wilaya hizi ni mazao ya hapa hapa: korosho na karanga nzima hazipewi watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu huingia kwenye njia ya hewa. Zikisagwa na kuchanganywa kwenye uji au mboga hazina hatari hiyo, isipokuwa kwa mtoto mwenye mzio. Ndizi, maembe, viazi vitamu, vitumbua laini na maji safi ya kunywa vinatosha, na soda si lazima.

Watoto wawili wa nyumba moja, au wa mashangazi wawili wanaoishi jirani, waliozaliwa miezi inayokaribiana, huweza kufanyiwa sherehe moja. Gharama hugawanyika, na wageni huja mara moja. Hilo hufaa zaidi kabla watoto hawajafikisha miaka minne, umri ambao kila mmoja huanza kudai keki yake.

Mahesabu yote yakijumlishwa, majibu ni haya. Kwa familia inayoishi kwa ufuta, Jumamosi ya Julai kuanzia saa 10 alasiri ndiyo bora kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, saa 4 asubuhi katika Agosti au Septemba, siku ambayo salfa haipulizwi, haina mpinzani. Kwa anayeishi kwa korosho, siku hutangazwa fedha ikishaingia, na sherehe ikamalizwa kabla ya adhuhuri. Kwa mwenye mshahara, mwalimu au muuguzi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nje ya Ramadhani na nje ya mvua inatosha. Na kwa asiye na fedha katika msimu wowote, dua, uji wa karanga zilizosagwa na bibi aliyemshika mtoto mapajani ni sherehe kamili. Cheti cha kuzaliwa kimeshaitunza tarehe. Kazi ya wazazi ni kuchagua siku ambayo mtoto atakuwa mzima, amelala, na haachiwi deni.